Gitaa Zuri Si Lazima Liwe na Nyuzi za Chini

Kimo cha nyuzi ni nafasi iliyopo kati ya upande wa chini wa uzi na kilele cha freti iliyo chini yake. Katika gitaa la umeme nafasi hiyo ni ya milimita chache, na mara nyingi haifiki mbili, lakini ndiyo inayoamua kidole kibonyeze kwa nguvu kiasi gani, sauti idumu kwa muda gani, na kama gitaa lililotyuniwa vizuri litabaki kwenye tyuni likianza kupigwa. Kuhusu nafasi hiyo imejengeka imani moja miongoni mwa wapigaji, wauzaji na hata mafundi: kwamba kadiri nyuzi zinavyokaribia freti ndivyo gitaa linavyokuwa bora, na kwamba fundi hodari ni yule anayezishusha mpaka zianze kukwaruza, kisha akazipandisha kidogo tu. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, nayo chembe hiyo ndiyo iliyoipa maisha marefu. Ikichukuliwa kama kanuni ya jumla, ni potofu. Inamfanya mpigaji atafute kwenye daraja la gitaa tatizo lililoko kwenye shingo, na inayageuza mahitaji ya aina moja ya muziki kuwa sheria ya muziki wote.

Udhaifu wake huonekana kwanza katika vipimo vinavyotajwa kuitetea. Mtu hujisifu kwamba nyuzi za gitaa lake ziko milimita moja na nusu, bila kusema amepima kwenye freti ya ngapi, chini ya uzi upi, na shingo ikiwa katika hali gani. Nyuzi hazilali sambamba na freti. Huanzia karibu sana na freti ya kwanza na kupanda taratibu kuelekea darajani, kwa hiyo uzi mmoja una vimo vingi sawa na idadi ya freti zilizo chini yake. Fender huelekeza kimo kipimwe kwenye freti ya 17, Gibson kwenye freti ya 12. Anayesoma namba ya kampuni moja na kuipima kwenye freti ya kampuni nyingine hajapima kitu.

Namba zenyewe, zikisomwa kwa makini, haziungi mkono imani hiyo. Kwa magitaa ambayo ubao wa shingo umepinda kwa nusukipenyo cha inchi 9.5 hadi 12, Fender hupendekeza takriban milimita 1.6, uzi mnene na uzi mwembamba sawasawa. Kwa ubao wa mtindo wa zamani wenye nusukipenyo cha inchi 7.25, uliopinda zaidi, kipimo cha upande wa uzi mnene hupandishwa hadi milimita 2. Gibson hutaja takriban milimita 2 kwa uzi wa sita na 1.2 kwa uzi wa kwanza. Hakuna kampuni kati ya hizo iliyoandika kwamba nyuzi zishushwe kadiri iwezekanavyo. Vipimo vyao hubadilika kulingana na umbo la shingo, na Fender husema wazi kwamba namba zake ni mwongozo tu, si sheria, kwa kuwa mahitaji ya wapigaji hutofautiana. Ajabu ni kwamba mara nyingi vipimo hivyohivyo ndivyo hutolewa kama ushahidi wa kutaka nyuzi zishushwe zaidi.

Sababu ya kuwapo kwa nafasi yoyote ile iko katika mwendo wa uzi. Uzi ukipigwa hauchezi sawasawa kila mahali. Ncha zake mbili zimeshikwa, kwa hiyo hutuna katikati: mwendo ni mdogo karibu na ncha na mkubwa kabisa kwenye nusu ya urefu unaolia. Uzi ulio wazi hutuna zaidi juu ya freti ya 12. Ukibonyezwa kwenye freti ya tatu, tumbo hilo huhamia juu ya freti ya 15. Ukibonyezwa kwenye ya tano, huhamia juu ya ya 17. Ndani ya seti moja, nyuzi nene hucheza kwa upana zaidi kuliko nyembamba, ndiyo maana upande wa uzi wa sita huachiwa nafasi kubwa. Mvutano nao una sehemu yake. Kwa sauti ileile, mvutano hukua kwa mraba wa unene: uzi wa inchi 0.010 huvutwa kwa nguvu inayozidi ile ya uzi wa inchi 0.009 kwa takriban asilimia 23. Kwa sauti hiyo moja, uzi mwembamba uliolegea hutapakaa zaidi unapopigwa, na kwa hiyo huhitaji nafasi kubwa kuliko ule mnene uliokazwa. Wanaoshusha nyuzi aghalabu ndio haohao wanaonunua seti nyepesi kuliko zote, halafu wanamlaumu fundi gitaa linapokwaruza.

Uzi unapogonga freti, hupoteza nguvu kila unapopita. Mwanzo wa sauti huwa mkali wenye mkwaruzo, na mwisho wake hukatika mapema. Hasara nyingine, ambayo haizungumzwi sana, ni kubwa kuliko mkwaruzo wenyewe. Mpigaji mwenye nyuzi za chini kabisa ana dari juu ya mkono wake. Akipiga polepole, gitaa linaitika. Akiongeza nguvu kidogo, sauti inakua. Akiongeza tena, sauti haikui; kinachoongezeka ni kelele za chuma kugonga chuma. Gitaa limepoteza uwezo wa kunong'ona na kufoka katika wimbo mmoja, na mpigaji asipolijua hilo hudhani amplifaya yake ni dhaifu.

Imani hii haikuzuka hewani. Mwaka 1954 Gibson ilitoa Les Paul Custom yenye freti fupi, bapa, na nyuzi zilizokaa chini. Gitaa hilo likapata sifa ya kuwa kama halina freti kabisa, na wepesi wake ukawa kivutio cha biashara. Katika miaka ya 1960 zikaja seti za nyuzi nyepesi, Ernie Ball akiwa miongoni mwa waliozisambaza mapema, na mpigaji akazoea kusukuma uzi kwa urahisi ambao wa miaka ya 1950 hakuwa nao. Miaka ya 1980 ikaongeza magitaa ya muziki wa roki mzito yenye shingo nyembamba, ubao karibu bapa na freti kubwa. Katika magitaa hayo nyuzi zinaweza kweli kushuka sana bila madhara makubwa. Ubao bapa hauzuii uzi unaposukumwa upande. Muhimu zaidi, sauti ya roki hiyo hupitishwa kwenye amplifaya iliyosukumwa hadi ikapasuka, na sauti iliyopasuka hubanwa: kilicho kidogo hukuzwa, kilicho kikubwa hukatwa. Noti iliyokuwa ifie mapema hurefushwa na mashine, na mkwaruzo humezwa na mpasuko. Kimo cha chini kilikuwa sehemu moja ya mpango mzima. Kilichosambaa duniani ni sehemu hiyo peke yake, bila mpango uliokuja nao.

Imani hiyo ikipelekwa kwenye muziki wa dansi au rumba, kasoro yake huonekana mara moja. Sauti ya gitaa katika rekodi za Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz, au za Dr. Nico Kasanda akiwa na African Fiesta, ni safi. Kila noti husimama peke yake, na pengine huachwa ilie mpaka mwisho ikisindikizwa na mwangwi tu. Hakuna mpasuko wa kuficha kitu. Katika sebene, sehemu ya wimbo ambapo magitaa hutawala, solo hukaa juu, kwenye freti ya 10 kwenda mbele, na hurudia mzunguko uleule wa noti nyepesi kwa dakika kadhaa. Noti moja inayokatika katika mzunguko huo husikika kila unapozunguka. Gitaa la rhythm nalo hugongwa kwa mkono mzito kuliko solo, nyuzi nne au tano kwa pamoja, usiku mzima. Kumwekea mpigaji wa rhythm nyuzi za milimita 1 kwa sababu mpigaji wa roki wa California alizipenda hivyo ni kumpa chombo cha kazi nyingine.

Hoja yenye uzito zaidi ya upande wa pili inahusu urahisi na tyuni. Inasemwa kwamba nyuzi zilizo juu humuumiza anayejifunza, humchosha mkongwe, na huharibu sauti kwa sababu uzi unaposhushwa mbali hadi kwenye freti huvutika na kupanda tyuni. Yote hayo ni kweli, na gitaa lenye nyuzi za milimita 4 kwenye freti ya 12 limewafanya wengi waache kujifunza. Jiometri inathibitisha. Urefu unaoongezeka kwenye uzi unapobonyezwa hukua kwa mraba wa kimo. Kutoka milimita 2 hadi 3 kwenye freti ya 12, mvutiko huzidi maradufu. Lakini hesabu hiyohiyo, ikifuatwa hadi mwisho, humgeuka anayeitumia. Mvutiko hutegemea pia mahali uzi unapobonyezwa. Kwenye gitaa lenye urefu wa uzi wa milimita 648, kama Stratocaster ya Fender, freti ya kwanza iko takriban milimita 36 tu kutoka mahali uzi unapoanzia. Kushusha uzi milimita 1 hapo huuvuta zaidi ya kuushusha milimita 2 kwenye freti ya 12.

Maana yake ni kwamba ugumu unaolalamikiwa na wanaojifunza, na kordi ya E au ya F inayosikika imeharibika ilhali nyuzi zimetyuniwa, mara nyingi havitoki darajani. Hutoka upande wa pili, kwenye kizingiti: kile kipande cha mfupa au plastiki chenye vijia sita, kilicho kati ya shingo na kichwa cha gitaa. Magitaa mengi ya bei nafuu hutoka kiwandani vijia hivyo vikiwa vifupi mno, kwa kuwa kijia kilichokatwa kina kirefu kupita kiasi hulazimu kipande kibadilishwe, na kilicho kifupi kinaweza kuachiwa mnunuzi. Kipimo chake ni rahisi. Uzi hubonyezwa kwenye freti ya tatu, kisha huangaliwa nafasi iliyobaki juu ya freti ya kwanza. Panapaswa kuonekana upenyo mwembamba sana, na uzi ukidonolewa hapo usikike ukigusa chuma. Ukionekana upenyo ambao karatasi kadhaa za daftari zingepita, kijia kinahitaji tupa.

Fundi asiyepima hapo hufanya kosa la seremala anayeranda mlango unaoburuza sakafuni bila kutazama bawaba. Anashusha daraja. Kushusha daraja milimita 1 hushusha uzi nusu milimita kwenye freti ya 12, na kwenye freti ya kwanza karibu hakushushi kitu. Mteja anarudi na lalamiko lilelile, daraja linashushwa tena, na mwisho wake gitaa ni gumu chini shingoni na linakwaruza juu. Lawama huenda kwa gitaa, na mteja huambiwa anunue lingine la bei kubwa zaidi.

Shingo ina hadithi inayofanana. Ndani yake mna fimbo ya chuma yenye nati upande mmoja. Wazo hilo ni la zamani: Thaddeus McHugh wa Gibson alipata hataza yake mwaka 1923, wakati gitaa la umeme halijaingia sokoni. Kazi ya fimbo ni kupambana na mvuto wa nyuzi, ambao huikunja shingo kuelekea mbele. Ikikazwa, shingo hunyooka. Ikilegezwa, nyuzi huivuta ikapinda. Shingo haitakiwi kunyooka kabisa. Upindo mdogo huachwa makusudi ili tumbo la uzi unaocheza lipate nafasi, na kipimo chake hupatikana kwa kubana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza kwa kibanio, kuubonyeza kwenye freti ya mwisho, na kupima upenyo juu ya freti ya 8. Fender hutaja milimita 0.25 kwa ubao wa inchi 9.5 hadi 12 na milimita 0.3 kwa ule wa inchi 7.25. Filageji, ileile ambayo mafundi wa magari hupimia nafasi ya plagi, inatosha kwa kazi hiyo.

Kutokana na imani ya nyuzi za chini, fimbo hii imepewa kazi isiyo yake. Kwa kuwa kuikaza hushusha nyuzi kidogo katikati ya shingo, baadhi ya mafundi huigeuza kuwa kifaa cha kurekebishia kimo. Shingo hunyooka au hata kupinda kinyumenyume, nyuzi zikaanza kukwaruza kwenye freti za kwanza, kisha daraja likapandishwa kuondoa mkwaruzo huo. Mteja amepewa gitaa lenye nyuzi za juu kwenye freti za mwisho na za kukwaruza kwenye freti za mwanzo, yaani kasoro zote mbili alizokuja kuziondoa. Fimbo hurekebisha upindo. Kimo hurekebishwa darajani, baada ya upindo kuwa sawa, na nati ya fimbo haizungushwi zaidi ya robo mzunguko kabla ya kupima tena. Fimbo iliyokatika ndani ya shingo ni gharama inayoweza kuzidi bei ya gitaa lenyewe.

Hali ya hewa ya pwani inaongeza uzito wa jambo hili. Mbao hufyonza unyevu na kuutoa, na shingo huenda na majira. Gitaa lililowekwa sawa katika chumba kikavu, likifika Mombasa, Dar es Salaam au Unguja, au likibebwa kutoka Nairobi kwenda kupiga Lamu, linaweza kuhama kwa sehemu ya kumi ya milimita moja au zaidi. Mwenye kimo cha wastani hahisi tofauti. Mwenye nyuzi zilizoachwa kwenye ukingo wa mkwaruzo hana akiba yoyote, na gitaa lililosifiwa kwa fundi siku ya Jumatatu hukwaruza ukumbini Jumamosi. Kimo kinachofaa ni kile kinachostahimili wiki ya mvua.

Umbo la ubao nalo halihurumii mtu. Ubao uliopinda kwa inchi 7.25, wa Stratocaster za miaka ya 1950 na 1960 na nakala zake za leo, una mgongo ulioinuka katikati. Mpigaji anaposukuma uzi wa kwanza kuelekea katikati ili kupandisha noti, uzi huo hupanda mgongo huo, na freti zilizo mbele ya kidole huukaribia. Ukiwa chini mno, noti hukatika ghafla kabla haijafika inakokwenda. Mkwaruzo hausikiki, sauti huzimika tu, na mwenye gitaa huanza kutafuta waya uliokatika. Dawa ni kupandisha uzi wa kwanza na wa pili kidogo, au kulipia freti zichongwe upya ziwe bapa zaidi upande wa juu. Kushusha zaidi ni kuongeza ugonjwa.

Namna ya kurekebisha daraja hutofautiana kwa gitaa, na hapa hapahitaji maneno mengi. Kwenye Stratocaster kila uzi una kipande chake cha chuma kinachoubeba, chenye skrubu mbili ndogo zinazozungushwa kwa alenkii. Zote mbili huzungushwa kwa kiasi kimoja ili kipande kisilale upande, na vipande sita kwa pamoja hufuata mpindo wa ubao. Telecaster za mtindo wa zamani zina vipande vitatu tu, kila kimoja kikibeba nyuzi mbili, kwa hiyo mwenye Telecaster hujifunza mapema kuridhika na wastani. Daraja la Les Paul, lililobuniwa chini ya Ted McCarty wa Gibson na kutolewa mwaka 1954, lina magurudumu mawili, moja kila upande. Hupandisha nyuzi zote kwa mkupuo, na uzi mmoja hauwezi kuinuliwa peke yake bila kuchonga kijia chake. Anayetoa namba moja kwa madaraja yote matatu hajawahi kuyashika.

Watetezi wa nyuzi za chini wana kimbilio la mwisho. Husema mkwaruzo unaosikika gitaa likipigwa bila umeme hauna maana, kwa kuwa hauingii kwenye amplifaya. Hoja hiyo haipaswi kupuuzwa. Pikapu husoma mwendo wa uzi ulio juu ya sumaku zake, haisikilizi hewa, na sehemu ya kelele za freti hubaki hewani kweli. Gitaa la umeme lisilokwaruza hata kidogo likiwa kavu huenda limewekwa juu kuliko inavyohitajika. Lakini nguvu iliyopotea kwenye freti ndiyo hiyohiyo iliyokuwa iuchezeshe uzi mbele ya pikapu. Mkwaruzo usipofika kwenye spika, upungufu wake unafika. Jaribio lake halihitaji chombo chochote: amplifaya huwekwa kwenye sauti safi, kila freti ya kila uzi hupigwa kwa nguvu ambayo mpigaji huitumia akiwa jukwaani, na noti huachwa mpaka ife yenyewe. Noti inayokufa mapema kuliko jirani zake imeguswa mahali, hata kama sikio halikusikia mguso.

Kimo kikishabadilishwa, mambo mawili hubadilika nacho bila kuombwa. Usahihi wa sauti ni la kwanza: kwa kuwa mvutiko wa kubonyeza umebadilika, noti ya freti ya 12 hailingani tena na oktavu ya uzi ulio wazi, na kipande kinachobeba uzi hulazimika kusogezwa mbele au nyuma. Noti ya freti ya 12 ikiwa juu, kipande hurudishwa nyuma ili uzi urefuke. Ikiwa chini, husogezwa mbele. La pili ni umbali wa nyuzi na pikapu. Nyuzi zikishushwa husogelea sumaku, na kwenye pikapu za aina ya Stratocaster sumaku hizo zina nguvu ya kutosha kuuvuta uzi mnene hadi ukatoa sauti mbili zinazopigana, hali ambayo hakuna tyuni inayoiponya. Wengi waliokwisha kushusha nyuzi zao hadi hapo wamebadilisha nyuzi, wakabadilisha vitasa vya kukazia nyuzi, wakabadilisha hata gitaa, ilhali bisibisi na mizunguko michache ya skrubu za pikapu ingetosha.

Inabaki hoja ya majina makubwa, kwamba wapigaji mashuhuri hutumia nyuzi za chini. Allan Holdsworth alijulikana kwa nyuzi za chini na mguso mwepesi mno, na kwa muziki wake wa mistari mirefu inayoteleza uamuzi huo ulikuwa sahihi. Stevie Ray Vaughan alitumia nyuzi nene, uzi wa kwanza ukifika inchi 0.013, akazilegeza nusu toni na kuziacha juu, kwa sababu alizipiga kwa nguvu ambayo nyuzi za Holdsworth zisingeistahimili hata kwa ubeti mmoja. Wanaotelezesha chupa au chuma juu ya nyuzi huzitaka juu zaidi ya hapo, kwa kuwa chuma kikigonga freti wimbo umeharibika. Wote hao walikuwa na mafundi na fedha za kupata kimo chochote walichotaka, na hawakutaka kimoja. Kama kimo cha chini kingekuwa kipimo cha ubora, nusu yao wangekuwa hawajui gitaa.

Katika bendi nyingi za Afrika Mashariki kulikuwa na jambo la ziada: gitaa halikuwa mali ya mpigaji. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, iliwaajiri wanamuziki na vyombo vilikuwa vya mwajiri. Utaratibu huo uliendelea katika bendi za majeshi na mashirika, na bado uko ambako mwenye bendi ndiye mwenye vyombo. Gitaa kama hilo hupita mikononi mwa watu wawili au watatu katika onyesho moja. Kuliweka kwa ajili ya mkono mwepesi kuliko wote ni kumnyima mwenye mkono mzito sauti. Kuliweka kwa mkono mzito kunamchosha mwepesi kidogo tu. Kwa chombo cha pamoja, milimita 2 upande wa uzi wa sita na 1.6 upande wa uzi wa kwanza ni uamuzi wa haki kuliko ushindani wowote wa kushusha.

Mwenye gitaa linalomsumbua asiende kwa fundi na ombi la kushushiwa nyuzi. Aende na seti ya nyuzi anazozitumia, ataje analipiga gitaa hilo katika nafasi gani, solo au rhythm, kisha apige mbele ya fundi kwa nguvu zake za kawaida kabla ya skrubu yoyote kuguswa. Fundi akianza na daraja bila kupima shingo wala kizingiti, mwenye gitaa achukue chombo chake aende kwingine.